Bastola Nyepesi ya Mtutu Mfupi: Ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Kibali

Mazungumzo yaliyotolewa na mkufunzi wa matumizi salama ya silaha mbele ya wakazi na wafanyabiashara, katika mkutano wa kata kuhusu ulinzi na usalama. Yamehaririwa kidogo ili yasomeke vizuri.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida watu huniuliza kwa kunong'ona. Wenye maduka ya jumla, mawakala wa fedha za simu, wanunuzi wa mazao wanaosafiri na fedha taslimu msimu wa mavuno, hata mzee anayeishi peke yake kando ya shamba, huja na swali lile lile: nikipata kibali, ninunue bastola gani? Na kabla sijafungua kinywa, wengi wao huwa wamekwisha kujijibu. Wanataka ndogo, nyepesi, inayoingia mfukoni bila kuonekana. Wameiona katika sinema mikononi mwa askari kanzu, ile yenye mtutu uliokatwa kama pua ya mbwa, na wameipenda.

Swali hilo lina haki ya kujibiwa kwa ukweli. Sheria ya nchi yetu inamruhusu raia kumiliki silaha kwa leseni, kwa hiyo si aibu kuizungumzia mchana. Lakini hayo masharti nitayafikia baadaye. Kwanza nataka tuitazame bastola yenyewe, maana nimeona watu wakihangaikia kibali miezi na miezi, kisha wakatumia nusu saa tu kuchagua kitu ambacho watakaa nacho miaka 20. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Jembe baya litakuchosha mgongo tu.

Bastola tunayoizungumzia ni rivolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka. Risasi hukaa katika matundu ya silinda hiyo, 5 au 6 kwa kawaida, na kila unapovuta kifyatulio silinda hugeuka na kuleta risasi nyingine mbele ya nyundo. Haina magazini ya kuchomeka kwenye mpini, wala haitupi maganda yenyewe. Faida yake kubwa ni hii: risasi moja ikigoma kulia, huhitaji kuvuta chuma chochote wala kuigonga. Unavuta kifyatulio tena, silinda inageuka, risasi nyingine inafika. Kwa mtu asiyefanya mazoezi kila wiki, hilo ni jambo la maana.

Ile ya mtutu mfupi ina historia yake, na historia hiyo ni ya Marekani. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ilitoa bastola iliyoitwa Detective Special, jina linaloonyesha wazi ilikusudiwa nani: mpelelezi avaaye koti, asiyetaka silaha yake ionekane. Ilikuwa na mtutu wa inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, na silinda ya risasi 6 za aina ya .38 Special. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson ikaleta ndogo zaidi, Chiefs Special, yenye risasi 5 tu ili silinda iwe nyembamba. Hiyo ilikuwa ya chuma cha kawaida, uzito wake kama gramu 550. Mwaka huohuo Colt wakatoa Cobra, umbo la Detective Special lakini fremu yake ya aluminiamu, na uzito ukashuka hadi gramu 425 hivi. Ni Cobra ndiyo aliyoitumia Jack Ruby kumuua Lee Harvey Oswald mjini Dallas tarehe 24 Novemba 1963, mbele ya kamera za televisheni na katikati ya kundi la polisi. Nalitaja tukio hilo kwa sababu picha zake ndizo zilizoifanya dunia nzima itambue jinsi silaha ndogo inavyoweza kupita pasipo mtu kuiona.

Tangu hapo mashindano yamekuwa ya gramu. Zikaja fremu za mchanganyiko wa aluminiamu na skandiamu, silinda za titaniamu, na mwaka 2009 kampuni ya Ruger ikatoa rivolva iitwayo LCR ambayo sehemu yake ya chini ni ya plastiki ngumu, uzito wake pungufu ya gramu 400. Zipo leo rivolva za gramu 330. Hiyo ni nyepesi kuliko chupa ya soda iliyojaa. Muuzaji akikuwekea kiganjani, utatabasamu. Kila mtu hutabasamu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Baruti inapowaka huisukuma risasi mbele na huisukuma bastola nyuma kwa kani ileile. Vijana wa sekondari watakumbuka kanuni ya Newton. Wazee wa pwani hawahitaji Newton: ukiruka kutoka kwenye ngalawa ndogo kwenda gatini, ngalawa hukimbia chini ya miguu yako, ukiruka kutoka kwenye jahazi, jahazi halishtuki. Umeruka kwa nguvu zilezile. Tofauti ni uzito wa chombo. Ndivyo ilivyo kwa bastola. Risasi ikiwa ileile, ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu, kasi yake ya kurudi nyuma inakuwa maradufu, na nishati inayoupiga mkono inakuwa maradufu pia. Gramu ulizozikwepa kiunoni zinakudai kiganjani.

Kwa hiyo bastola ndogo si bastola ya mtu mdogo. Ni kinyume chake. Mume humnunulia mkewe, au mtoto humnunulia mama yake mzee, rivolva nyepesi kupita zote dukani kwa kuwa ni "ya kike". Mama huifyatua mara moja, kiganja kinauma kama kimepigwa kwa fimbo, na hataigusa tena. Tangu siku hiyo nyumba ina silaha isiyo na mtu anayeiweza, na hiyo ni hali mbaya kuliko kutokuwa na silaha kabisa.

Jambo la pili ni kifyatulio. Katika rivolva hizi, kuvuta kifyatulio kunafanya kazi mbili: kuinua nyundo na kuiachilia. Kazi hiyo hudai nguvu ya kilo 5 hivi kwenye kidole kimoja. Pigeni hesabu wenyewe: bastola ina uzito wa gramu 400, na kidole kinaivuta kwa nguvu ya kilo 5. Asiyezoea, mkono wake wote unajikunja pamoja na kidole, na mtutu unapinda kabla risasi haijatoka. Mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole huenda asiweze kuuvuta hadi mwisho. Basi kabla hujachagua, ukiwa mbele ya mwuzaji mwenye leseni, na silinda imefunguliwa ikaonekana tupu na ninyi wawili, omba uivute mara 10 mfululizo kwa mkono mmoja. Ukishindwa mara ya 6, umepata jibu lako bila gharama.

La tatu ni kulenga. Katika bastola ya mtutu mfupi, ncha ya mbele ya kulengea na mfereji wa nyuma viko karibu mno, sentimita 9 hivi. Kosa la milimita moja hapo linakuwa kosa la sentimita 11 katika umbali wa mita 10. Kwenye bastola ndefu yenye nafasi maradufu kati ya viwili hivyo, kosa hilohilo ni nusu yake. Nataka kila mwenye duka alitafakari hili akiwa amesimama nyuma ya kaunta yake. Mita 10 kutoka kaunta ni wapi? Ni barabarani. Ni kwa mama lishe wa ng'ambo. Ni kituo cha bodaboda. Risasi iliyomkosa jambazi haipotei hewani. Inakwenda mpaka ikutane na kitu, na kuta zetu nyingi ni za matofali membamba, mabati au udongo.

Sisemi kwamba bastola hizi hazina shabaha. Mtutu wenyewe ni sahihi kabisa, na mlengaji aliyebobea ataonyesha hivyo. Ila yeye amefyatua maelfu ya risasi mazoezini, na wewe huenda ukafyatua 20 kwa mwaka.

Kuna mambo mengine madogo ambayo wauzaji hawayasemi kwa sababu hawakuulizwa. Rivolva nyepesi kupita kiasi hurudi nyuma kwa kasi kiasi kwamba maganda ya risasi zilizosalia kwenye silinda huvutwa nyuma pamoja nayo, huku vichwa vya risasi vikibaki mbele kwa uzito wake. Kichwa kikitoka kidogo kwenye ganda, hujitokeza mbele ya silinda na kuizuia isizunguke. Kwa hiyo ile sifa tuliyoisema mwanzo, ya kuvuta tena na risasi nyingine kuja, inatoweka, na hakuna namna ya kuirekebisha barabarani. Ndiyo maana silaha hizo huja na maelekezo ya aina za risasi zisizoruhusiwa kutumika, na maelekezo hayo si mapambo. Tena kuna nafasi nyembamba kati ya silinda na mtutu ambako hewa ya moto na chembe za risasi hutokea ubavuni. Kidole kikiwa hapo kitaungua au kukatwa, na bastola ikiwa fupi, vidole vya mkono wa pili huteleza mbele kirahisi.

Baada ya kusema hayo yote, bado mtu mwenye leseni ataniuliza achague ipi, na sitamwacha bila jibu. Kama itakaa mwilini mwako kila siku, uzito wa kati ndio wenye busara: fremu ya aluminiamu yenye silinda na mtutu wa chuma, gramu 400 hadi 450. Kama itakaa chini ya kaunta au kwenye sanduku la chuma nyumbani, chukua ya chuma tupu, nzito. Hakuna sababu hata moja ya kulipia wepesi usioubeba. Hizo za gramu 330 ningeziacha kwa watu ambao kazi yao ni silaha. Upande wa risasi, .38 Special inatosha. Baadhi ya rivolva hizi ndogo zimetengenezwa kumeza .357 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 kwa bastola kubwa na nzito. Kuifyatua kutoka kwenye bastola ya gramu 330 ni adhabu, na mwako wake usiku hukupofusha kwa muda huku masikio yakizizima.

Chagua yenye nyundo iliyofichwa ndani ya fremu. Smith & Wesson walitoa ya namna hiyo mwaka 1952 na kuiita Centennial, kwa kuwa kampuni ilikuwa inatimiza miaka 100. Nyundo ya nje hunasa kwenye kitambaa cha mfuko au kwenye khanga. Zaidi ya hapo, nyundo ya nje humwezesha mwenye hofu kuitegesha kabisa kwa kidole gumba, na ikishategeshwa, kugusa kidogo tu kunaifyatua. Watu waliomlenga mwizi aliyekwisha kusalimu amri, nyundo ikiwa imetegwa, wameua pasipo kukusudia. Ni afadhali chombo kisichokupa nafasi hiyo. Mpini nao uwe wa mpira na uufikie mkono wako wote. Mpini mdogo wa mbao hupendeza lakini kidole cha mwisho kinabaki kuning'inia, na kidole hicho ndicho kinachoizuia bastola isiruke.

Kisha nunua ala. Narudia: nunua ala ya ngozi ngumu au ya plastiki ngumu, inayofunika kifyatulio chote. Bastola isiwekwe mfukoni pamoja na funguo, sarafu na simu, wala kwenye mkoba pamoja na vitana. Funguo moja ikiingia mahali pa kidole, nguvu za kukaa kwenye kiti cha daladala zinatosha kumaliza kazi. Na mkoba huporwa. Jambazi wa pikipiki hajui kilichomo anapoukwapua, ila jioni atajua, na silaha yenye jina lako itakuwa imeanza maisha mengine.

Neno kuhusu bastola kuukuu, maana najua zipo. Katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, yetu ikiwemo, zilibaki rivolva za Webley na Enfield za .38, zile zinazovunjika katikati kama bunduki ya gobore la kisasa. Mtu husoma ".38" ubavuni akadhani risasi ya .38 Special itafaa. Haifai. Enfield iliyoingia jeshini mwaka 1932 ilitengenezewa risasi fupi na nene zaidi, na hizo mbili hazibadilishani. Pia rivolva nyingi za zamani hazina kizuizi cha ndani kinachoitenga nyundo na risasi. Zikianguka sakafuni kwa nyundo zinaweza kulia zenyewe. Silaha kama hizo zikaguliwe na fundi aliyeidhinishwa kabla mtu hajathubutu kuzipakia, na mara nyingi ushauri wa haki ni kuzirudisha Serikalini.

Tuingie katika sheria, na hapa nitakwenda haraka kwa yale yaliyobandikwa kituoni, nikae zaidi penye makosa.

Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wako, hupitia Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Kata, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya na ngazi za juu yake. Ofisi ya kata haitoi kibali. Inachofanya ni kusema kama inakufahamu, na kama tabia yako, nyumba yako na shughuli yako vinaendana na unachokiomba. Wapo wanaodhani hatua hii ni ya kugonga muhuri tu. Haipaswi kuwa hivyo, na wajumbe mlioko hapa mnajua: mnapotia saini kwa mtu anayempiga mkewe kila mwisho wa wiki, au kwa mlevi mwenye magomvi ya mipaka ya shamba, kwa kuwa ni ndugu au ni mkubwa wa mtaa, mmempa yeye silaha kwa kalamu zenu. Kama huna uhakika na mtu, andika kwamba huna uhakika. Kamati ya ngazi ya juu haimjui, inawategemea ninyi.

Usinunue kwa mtu binafsi njiani, hata akikuonyesha karatasi. Ununuzi ni kwa mwuzaji mwenye leseni, namba ya silaha ikilingana na namba iliyo kwenye leseni yako. Mwaka 2016 Serikali ilifanya uhakiki wa silaha nchini, na katika mazoezi kama hayo namba ndiyo inayosema. Silaha iliyofutwa namba haina maelezo yanayokubalika. Silaha haiazimwi pia. Kaka yako akisafiri na fedha usiku, humpi bastola yako kama unavyompa baiskeli. Leseni imeandikwa jina lako, si la ukoo.

Kuhusu kujilinda, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujilinda yeye, mtu mwingine na mali. Ila nguvu inayotumika iwe ile iliyo ya lazima kwa wakati huo. Anayezidisha nguvu hadi kusababisha kifo anaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni hii: mtu anayekimbia na droo yako ya mauzo amekupa mgongo, na mgongo haukutishii uhai. Najua uchungu wa droo hiyo. Najua pia kwamba mahakama itauliza risasi iliingilia upande gani, na daktari atajibu.

Nyumbani, bastola ikae ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi zikiwa zimefungiwa mahali pengine. Si juu ya kabati. Si chini ya godoro. Si kwenye sanduku la nguo za sikukuu. Watoto wanajua kila kilichofichwa ndani ya nyumba. Muulize mtoto wa miaka 6 sukari iko wapi. Kuna wazazi hujifariji kwamba kifyatulio cha rivolva ni kigumu mno kwa mtoto. Mtoto hatumii kidole kimoja. Anaigeuza bastola, anaishika kwa vidole gumba viwili, na mtutu sasa unamtazama yeye mwenyewe. Mwenye watoto au wajukuu ambaye hana uwezo wa kununua sanduku la chuma, basi hana uwezo wa kununua bastola. Bei ya vitu hivyo viwili ihesabiwe kuwa moja.

Naona mmoja wenu ananitazama kana kwamba nimekuja kumkatisha tamaa. Hapana. Lakini nikiulizwa kama mshauri na si kama mwuzaji, wengi wanaokuja kwangu hawana tatizo la bastola. Wana tatizo la fedha taslimu na la saa. Wakala anayefunga kibanda saa 3 usiku peke yake, akiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni, akapita kichochoro kilekile kila siku, atavamiwa na watu watatu waliomvizia wiki nzima. Wao ndio wanaochagua dakika. Rivolva iliyo ndani ya ala chini ya shati haitatoka kwa wakati, na ikitoka baada ya panga kuinuliwa, inakuwa ya nne kwenye orodha ya vitu vitakavyoporwa. Afunge mapema, apeleke fedha benki au kwa wakala mkuu mchana, abadilishe njia, afunge taa, ashirikiane na jirani wafunge pamoja, ajiunge na ulinzi shirikishi na alipe mchango wake bila kusukumwa. Baada ya hayo yote, kama bado hatari ipo, na kwa baadhi ya watu ipo kweli, hasa wanunuzi wa mazao wanaolala vijijini na fedha za wakulima, aje tuzungumze habari za gramu.

Na atakayeipata leseni afanye mazoezi katika uwanja wa shabaha unaotambuliwa na polisi. Mafunzo ya siku moja hayatoshi kwa silaha hii hasa, kwa sababu zote nilizozieleza. Aifanyie pia usafi: jasho la kiunoni katika joto letu hutia kutu chuma kwa wiki chache, hata chuma kinachouzwa kama hakishiki kutu. Mafuta kidogo, kitambaa kikavu. Mwenye silinda ya titaniamu asiisugue kwa msasa wala steelwool, maana utando wa juu ukitoka silinda imeharibika. Risasi zinazobebwa kila siku zibadilishwe mara kwa mara. Zile kuukuu zitumike mazoezini.

Niliacha la mwisho makusudi, kwa sababu ndilo linaloleta taabu nyingi zaidi katika nyumba zetu, nalo halihusu wanaotaka kununua. Ni silaha za marehemu. Baba alikuwa na leseni halali. Baba amefariki. Arobaini imepita, mirathi imegawanywa, mashamba na ng'ombe vimepata wenyewe, na ile bastola imebaki kwenye kasha la mama. Hakuna aliyekusudia uhalifu. Lakini leseni ilikuwa ya baba peke yake, na hairithiwi kama shamba. Kila siku silaha hiyo inapokaa ndani, aliye nayo anaishikilia bila kibali, naye mara nyingi ni mjane asiyejua hata kuifungua. Mtoto anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe, aanzie kijijini kama mwombaji mwingine yeyote, na wakati akisubiri silaha iwe mikononi mwa polisi. Ikiwa hakuna anayeitaka, isalimishwe. Miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, na familia nyingi zimevitumia kuondoa mzigo huo kwa amani. Lakini anayetoa taarifa ya kifo cha mmiliki mapema hana haja ya kusubiri msamaha.

Mwenye silaha ya namna hiyo nyumbani asiibebe kuja nayo ofisini, wala asimtume kijana nayo kwenye bodaboda. Aiache ilipo, afunge chumba, aende kituo cha polisi mikono mitupu akiwa na cheti cha kifo na leseni ya marehemu kama ipo, au apite kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa amsindikize. Polisi ndio watakaoeleza namna ya kuifikisha, na mara nyingi watakuja kuichukua wenyewe.